Kabla ya ziwa: jinsi tope la Victoria lilivyosomwa

Pale Igogo, Mwanza, nyumba zimepanda kilima katikati ya mawe makubwa, na chini yake kuna ziwa. Ukivitazama hivi vitu viwili kwa pamoja, ni rahisi kudhani vina umri mmoja. Wapi! Mawe yale ya graniti yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji unayoyaona yalianza kujaa takriban miaka 15,000 iliyopita. Tukiufanya umri wa mawe kuwa siku moja ya saa 24, ziwa limekuwepo kwa nusu sekunde ya mwisho.

Tumejuaje? Hiyo ndiyo habari ya leo, na ilichukua zaidi ya miaka mia moja kuipata, kwa sababu ushahidi wenyewe ulikuwa umefukiwa chini ya maji na tope.

Wazungu wa kwanza waliofika hapa walijali juu ya maji tu. John Hanning Speke aliliona ziwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani na mkono wake wa kulia. Wenyeji walishaliita Nyanza. Speke akalibandika jina la malkia wake na kutangaza kuwa ndicho chanzo cha Nile. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageye, si mbali na Mwanza, akalizunguka ziwa lote kwa mashua. Mwishoni mwa karne ile, reli ya Uganda ilipokaribia, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, B. Whitehouse, alianza kupima pwani na vina ili meli zisipande miamba. Ikaonekana jambo la kushangaza: ziwa hili pana kuliko yote Afrika ni kama sinia. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake kikubwa ni kama mita 80 tu. Tanganyika, kwa kulinganisha, inafika mita 1,470 hivi.

Usomaji wa kwanza wa historia ya ziwa ulitoka ufukweni. E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda iliyoanzishwa 1919, aliona kingo za kale zilizobaki juu kuliko maji ya leo. Akahitimisha kwamba Afrika Mashariki ilipitia vipindi virefu vya mvua nyingi, na kwamba vilikwenda sambamba na enzi za barafu za Ulaya. Wazo lilipendeza, na wataalamu wengi walilitumia kwa miongo kadhaa kupangia tarehe visukuku na zana za mawe. Tatizo ni kwamba ukingo wa kale unakuonyesha maji yalifika wapi yalipopanda. Yaliposhuka hauwezi kukuambia, maana alama za kushuka zimebaki chini ya ziwa.

Ikabidi mtu aingie kwenye tope. Kazi hiyo inafanyika hivi: bomba refu linasukumwa wima kwenye sakafu ya ziwa, kisha linavutwa likiwa na mche wa tope ndani yake, kama mche wa sabuni. Tope la juu ni la juzi, la chini ni la kale. Ndani yake kuna chavua ya mimea iliyopeperushwa na upepo, magamba ya vijimea vya majini, na mabaki yenye kaboni ambayo umri wake hupimika.

Robert Kendall, mwanafunzi wa Daniel Livingstone katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliuchambua mche kutoka Ghuba ya Pilkington upande wa Uganda. Alipochapisha matokeo mwaka 1969, picha iligeuka. Katika tabaka za chini chavua ya nyasi ilitawala, misitu ilikuja baadaye, na ziwa lilikuwa limeshuka kiasi cha kutomwaga maji Nile. Yaani wakati barafu ilipokuwa bado imefunika sehemu kubwa za kaskazini mwa dunia, huku kwetu kulikuwa kukavu. Kinyume kabisa na fundisho la zamani!

Lakini Pilkington ni ghuba yenye kina kifupi. Ghuba ikikauka, haina maana kwamba katikati nako kumekauka. Mwaka 1990 Christopher Scholz na wenzake walichapisha matokeo ya kupima sakafu kwa mwangwi wa sauti. Chini ya tope laini, mwangwi uligonga uso mgumu uliotandaa chini ya ziwa.

Mwaka 1996 likaja jibu, katika jarida la Science. Timu iliyoongozwa na Thomas Johnson, ikiwa na Scholz pamoja na watafiti wa Uganda G. Ngobi na I. Ssemmanda, ilichota miche ya tope hadi kwenye sehemu yenye kina kirefu. Uso ule mgumu ulikuwa ardhi iliyowahi kupigwa jua, na ndani yake kulikuwa na vijizizi vya nyasi vilivyosimama wima, vilevile vilivyoota. Nyasi zilimea pale ambapo leo kuna maji ya makumi ya mita. Ziwa zima lilikauka.

Ukijua ziwa linavyokula na kunywa, hilo halistaajabishi sana. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoliingia ni mvua inayolinyeshea lenyewe, na sehemu kubwa ya maji hupotea kwa mvuke. Mvua ikipungua kwa muda mrefu, sinia linakauka kabla ya sufuria.

Wapo waliokataa. Geoffrey Fryer, bingwa wa samaki wa maziwa ya Afrika, alihoji: furu, wale samaki wadogo wenye spishi kama 500 ziwani humu, wangewezaje kutokea katika muda mfupi hivyo? Hoja ilikuwa nzito, na haikuzimwa kwa maneno. Mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mababu wa furu walikuwa chotara wa koo mbili, hivyo walianza na akiba kubwa ya tofauti za kurithi. Kisha mwaka 2023 Nare Ngoepe na wenzake, katika jarida la Nature, walisoma maelfu ya meno ya samaki yaliyokutwa kwenye miche ya tope la ziwa. Makundi makuu ya samaki yaliingia kwa pamoja, mara tu ziwa lilipoanza kujaa. Furu hawakuwahi mapema, wala hawakuanza wakiwa wengi. Ila kina kilipoongezeka na maji ya wazi kupanuka, wao ndio waliodumu huko.

Sasa, kwa nini mtu wa Igogo ajali? Kwa sababu tunajenga, tunavua na kuchota maji kana kwamba ziwa limeapa kubaki lilipo. Halijaapa. Mvua za 1961 hadi 1964 zililipandisha zaidi ya mita 2. Kati ya 2004 na 2006 likashuka hadi mialo ikabaki mbali na maji. Mwaka 2020 na tena 2024 likapanda na kuingia majumbani. Huo ni mtikisiko wa miaka michache tu. Kwenye tope kuna kumbukumbu ya mtikisiko mkubwa kuliko wote, wakati ambapo Ghuba ya Mwanza ilikuwa bonde kavu, na mtu aliyesimama kwenye mawe ya Igogo angeweza kuteremka na kuvuka kwa miguu hadi ng'ambo ya Sengerema.

Na tope linaendelea kuandika. Nje kule katikati ya ziwa linaongezeka chini ya milimita moja kwa mwaka, na tabaka la mwaka huu limebeba kila tunachomwaga: udongo wa vilima tulivyofyeka miti, maji machafu ya mitaani, mabaki ya plastiki. Atakayekuja kuuvuta mche wake atatusoma bila kutuuliza.