Kivuli cha Kibanja: Kinga ya Jua katika Historia ya Bukoba na Muleba

Bukoba na Muleba, nchini Tanzania, ziko kusini kidogo tu mwa ikweta, katika nchi iliyoinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako jua la saa sita mchana hukaribia utosi mwaka mzima. Kwa sababu hiyo miale yake ya urujuanimno, yaani ile isiyoonekana kwa macho lakini inayounguza ngozi na kudhuru jicho, hufika kwa nguvu kubwa hata siku ambazo mawingu ya Ziwa Viktoria yamepoza hewa. Johann Wilhelm Ritter aliitambua miale hiyo mjini Jena mwaka 1801, wakati ambapo Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba, walikuwa wakiishi katika makazi yaliyowapunguzia makali yake.

Makazi hayo ni kibanja, shamba la kudumu linaloizunguka nyumba, ambamo migomba, mibuni na miti mirefu kama mtoma, ambao gome lake lilipondwa likawa nguo, huota pamoja hata majani yakapandana. Si haki kudai kwamba kibanja kilibuniwa kwa ajili ya kivuli, kwani kilichotafutwa kilikuwa ndizi, kahawa na rutuba iliyotunzwa kwa samadi na matandazo. Hata hivyo aliyepalilia au kulea mtoto humo alishinda chini ya majani, na msonge, nyumba iliyoezekwa kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, ulimwongezea hifadhi.

Hifadhi hiyo haikuwafikia wote kwa kiasi kimoja. Nje ya kibanja ilianza rweya, mbuga ya nyasi yenye udongo hafifu na miti michache, na huko ndiko wanawake walikokwenda kukata nyasi na kulima njugu mawe, wakiinama juani kwa saa nyingi. Kibanja chenyewe nacho kilitoboka pale mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria, ulipobainika Muleba mwaka 2006 na kuwalazimu wakulima kung'oa na kufukia mashina yaliyoambukizwa.

Walioumia zaidi, na wanaostahili nafasi kubwa zaidi katika historia hii, ni watu wenye ualbino, waliozaliwa na upungufu wa melanini, rangi asilia inayoizuia miale isipenye ngozini, na ambao wengi wao katika Afrika Mashariki wamekufa mapema kwa saratani ya ngozi. Shule ya Msingi Mugeza Mseto, Bukoba, imewapokea watoto wenye ualbino, hasa baada ya mauaji ya watu wenye hali hiyo yaliyoikumba Kanda ya Ziwa mwishoni mwa muongo wa 2000. Katika muongo uliofuata, losheni ya kukinga jua iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya watu wenye ualbino ilianza kuzalishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi. Lakini losheni hutakiwa kupakwa upya kila baada ya saa 2 hivi, kwa hiyo mkulima mwenye ualbino huihitaji pamoja na nguo ya mikono mirefu, kofia pana na kazi inayofanywa asubuhi na jioni.