Chemirocha: Nyimbo za Wakipsigis zilizorejea Kapkatet

Chemirocha ni jina la nyimbo tatu za jamii ya Wakipsigis zilizorekodiwa mwaka 1950 eneo la Kapkatet, ambalo leo limo katika Kaunti ya Kericho, karibu na mpaka wa Bomet. Aliyezirekodi ni Hugh Tracey, mtafiti mzaliwa wa Uingereza aliyezunguka Afrika akihifadhi muziki wa kiasili.

Jina hilo latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933. Santuri zake ziliwafikia wenyeji kupitia gramafoni za wageni, nalo jina likageuka kwa matamshi ya Kikipsigis. Inasimuliwa kwamba mwimbaji huyo asiyeonekana alidhaniwa kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swara. Wimbo wa tatu, ambao ndio maarufu zaidi, uliimbwa na wasichana wakiongozwa na Chemutoi Ketienya, wakisindikizwa na kinubi cha kienyeji kiitwacho chepkong.

Sauti hizo zilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, aliyoianzisha Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Wasomi na wapenzi wa muziki ughaibuni walizisikiliza kwa miongo mingi. Kapkatet, zilikozaliwa, hazikusikika.

KUREJESHWA KWA SAUTI

Mwaka 2014 maktaba hiyo, chini ya uongozi wa Diane Thram, ilishirikiana na mradi wa Singing Wells kuzirejesha. Mradi huo unaunganisha wakfu wa Abubilla wa London na Ketebul Music ya Nairobi, iliyoasisiwa na Tabu Osusa. Mzee aliyerekodiwa ujanani mwake alipatikana akiwa hai, akasikiliza upya muziki wa rika lake.

Kazi ya Singing Wells haikomei kwenye sauti. Kikosi chake husafiri na studio ya kuhamahama hadi vijijini, kikawarekodi wasanii na kuwapiga picha za video papo hapo, kisha hutoa filamu fupi. Faida yake ni kwamba mtazamaji huona pia mikono ya mpigaji, mavazi ya wachezaji na mahali ngoma inapochezwa, mambo ambayo santuri haikuweza kuyabeba.

Suala lililosalia ni la haki. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaka Serikali ikuze na kulinda haki za ubunifu za wananchi, na Bunge lilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa asilia na sanaa za kijadi, inayozipa kaunti jukumu la kuweka sajili za urithi huo. Nyimbo inayojulikana duniani kote lakini isiyoandikwa kwa jina la wenyewe ni rahisi kuchumwa na yeyote.

KAMERA KATIKA MASHAMBA YA CHAI

Kamera imetumika pia kudai haki nyingine katika eneo hilo hilo. Februari 2023, BBC ilirusha filamu ya uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kudhulumiwa kingono na wasimamizi wao katika mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Unilever ilikuwa imeuza biashara hiyo mwaka 2022. Baada ya filamu hiyo, wasimamizi kadhaa walisimamishwa kazi na wabunge wakataka uchunguzi ufanywe.

Filamu za aina hizi mbili zinatofautiana katika jambo moja kuu. Msanii wa Kapkatet hupata haki yake jina linapotajwa na uso kuonekana. Mchuma chai aliyedhulumiwa, kinyume chake, huhitaji jina na uso vifichwe ili asipoteze kibarua. Mtengenezaji filamu anayefika Kericho au Bomet hana budi kumuuliza kwanza mwenye sauti ni lipi kati ya hayo analolitaka, na kuhakikisha kwamba kazi ikikamilika, nakala inarudi kijijini bila kusubiri miaka 64.