Cheo, Heshima na Haki ya Mfanyakazi: Funzo Kutoka Tanzania

Katika Januari 1964 majeshi ya nchi tatu za Afrika Mashariki yaliasi ndani ya juma moja. Kambi ya Colito, Dar es Salaam, ilitangulia tarehe 20. Jinja, hapa kwetu, ikafuata tarehe 23, na Lanet nchini Kenya tarehe 24. Malalamiko yalikuwa mamoja: mishahara duni, na vyeo vya juu kubaki mikononi mwa maofisa wa Kiingereza. Waziri Felix Onama alipokwenda Jinja, askari walimzuia mpaka akakubali nyongeza. Manung'uniko yaliyokosa njia halali yalikuwa yamejitafutia njia ya bunduki.

Jirani zetu wa Tanganyika, ambayo mwaka huo huo iliungana na Zanzibar, walichukua hatua mbili. Kwanza, vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa, vikawekwa chini ya chama kimoja, NUTA. Pili, ilitungwa Sheria ya Usalama wa Ajira, iliyomnyang'anya mwajiri uwezo wa kumfukuza mtu papo hapo apendavyo. Kamati za wafanyakazi ziliundwa, na adhabu zikapangwa kwa daraja. Hata hivyo, rufaa ya mwisho ilikuwa kwa Waziri, wala si mahakamani.

Sheria hiyo haikuponya kiburi cha wakubwa. Mwezi mmoja baada ya Idi Amin kutwaa madaraka hapa Uganda, TANU ilitoa Mwongozo wa 1971, uliowakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wakaushika Mwongozo huo kama silaha: wakagoma, wakawafungia nje mameneja waliowatukana, na mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakitwaa kiwanda chenyewe. Serikali ikaona mambo yamevuka mpaka, ikatuma polisi dhidi ya wagomaji. Hivyo askari, naye mtu wa mshahara, akasimama mbele ya mfanyakazi mwenziwe.

Njia iliyo wazi zaidi ilikuja na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mwajiri akiifanya kazi isivumilike hata mtu akalazimika kujiuzulu, sheria huhesabu kwamba ameachishwa. Lakini kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mfanyakazi aliyeonewa atumie kwanza taratibu za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa ana sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Basi anayeondoka kwa hasira, bila barua wala ushahidi, hujidhoofishia haki yake mwenyewe.

Je, askari? Sheria hiyo, kwa sehemu kubwa, haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Lakini imeyaacha makatazo matatu yawafikie hata wao: ajira ya watoto, kazi ya shuruti na ubaguzi, na bughudha inayotokana na ubaguzi imo humo.

Amri ni uti wa mgongo wa jeshi, lakini amri si matusi. Mkubwa anayemshusha mtu cheo kwa chuki hapandi nidhamu, bali hupanda mbegu ile iliyoota Colito na Jinja. Na mdogo anayeonewa ashike kalamu kabla ya kushika kitu kingine.