NYAKIRIBA: TUWAKUMBUKE KWA MAJINA



Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha magharibi mwa Rwanda. Milima iliporomoka, mto Sebeya ukafurika wilayani Rubavu, iliko Nyakiriba yetu. Nchini walifariki watu zaidi ya 130, wengi wakiwa usingizini.

Hesabu hiyo imeandikwa, lakini majina je? Sisi tulio ukimbizini hatukuwashika mkono wafiwa wala kutupa udongo kaburini. Basi kila mwenye marehemu wake alete kwa kamati jina lake, kilima alikozaliwa na kazi aliyoifanya, tuandike daftarini. Mtoto aliyezaliwa kambini akiuliza, "Babu alikuwa nani?", tusimjibu kwa hesabu.

Mungu awalaze mahali pema. Amina.