Mtandamboo: Tunda la Vichaka vya Kajiado Tunalolipita Njiani

Ukishika barabara ya Namanga kutoka Kitengela, ukapita Kisaju hadi Isinya, utaviona vichaka vya miiba ambavyo hubaki na majani ya kijani hata jua likichoma namna gani. Kimoja katika hivyo ni mtandamboo. Wamaasai wanauita olamuriaki, Wakikuyu na Wakamba mukawa, Waluo ochuoga, na Waborana dagamsa. Wataalamu wa mimea wameuita Carissa edulis kwa miaka mingi, ingawa siku hizi vitabu vingi vinaandika Carissa spinarum. Mti wenye majina yote hayo si mgeni kwa watu. Mgeni ni tunda lake, maana ukienda soko la Kitengela utakuta maembe ya Makueni na machungwa yaliyotoka mbali, lakini la mtandamboo hulioni.

Tunda lenyewe ni dogo, la duara, kama sentimita moja. Likiwa changa ni la kijani, kisha huwa jekundu, na likiiva huwa la zambarau inayokaribia weusi. Ndani mna mbegu chache bapa na nyama tamu yenye uchachu kidogo. Huliwa zima, pamoja na ganda. Watoto wa wafugaji wanalijua vizuri, kwani ndilo linalowashikiza njaa wakiwa machungani.

Sifa yake kubwa ni vitamini C. Hiyo husaidia ufizi na kupona kwa vidonda, lakini kuna faida nyingine isiyotajwa sana: husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe, kunde na mchicha. Kwa nyumba ambayo nyama hailiwi kila siku, hasa yenye mama mjamzito, konzi moja ya matunda baada ya chakula si jambo dogo. Rangi ile nyeusi nayo inatokana na antosianini, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye zambarau zetu za pwani. Kumbuka tu kwamba moto hupunguza vitamini C, kwa hiyo tunda bichi lililoiva linalishinda lililopikwa.

Mizizi ina habari yake. Wamaasai huichemsha ndani ya supu ya nyama, na katika makabila mengi hutumika kwa maumivu ya viungo na kifua. Mwaka 2006 watafiti wakiwemo wa KEMRI walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maji ya mizizi hiyo yalizuia virusi vya hepesi maabara na kwa panya. Panya si binadamu, na asije mtu akakuuzia chupa kwa hoja hiyo.

Sasa sikiliza hapa, hasa nyinyi ndugu zetu mliotoka Mombasa, Malindi na Lamu mkaenda kufanya kazi Nairobi, mkapanga au kujenga Kitengela. Watoto wenu wanacheza kwenye viwanja ambavyo juzi tu vilikuwa pori, na katika pori hilo mtandamboo una jamaa yake ambaye ni muuaji. Wamaasai humwita olmorijoi. Ni Acokanthera, mti ambao Wagiriama na Wakamba walitengeneza kwao sumu ya mishale, na Waata wakaangushia ndovu huko Tsavo. Sumu yake hushika moyo. Yupo hata panya wa porini mwenye manyoya marefu ambaye hutafuna magome yake na kujipaka mate yale ubavuni, mbwa akimng'ata akafa. Jambo hilo lilithibitishwa na watafiti wa Oxford na Makavazi ya Taifa ya Kenya mwaka 2011.

Miti hii miwili ni ya ukoo mmoja na inafanana mno. Yote ina maua meupe yenye harufu nzuri, yote hutoa utomvu mweupe ukikwanyua jani, na matunda ya yote huishia kwenye weusi. Tofauti iko kwenye miiba. Mtandamboo una miiba mirefu, migumu, iliyonyooka; olmorijoi hauna mwiba hata mmoja, na majani yake ni makubwa zaidi, mazito kama ngozi. Mfundishe mtoto hivi: tawi lisilo na miiba, usiguse tunda lake. Na kuwa na miiba peke yake hakutoshi, maana pori lina vichaka vingi vya miiba, kwa hiyo mara ya kwanza muulize mwenyeji akuonyeshe mti wenyewe. Mtoto akishakula asilolijua, usikae kumnywesha maziwa ukingoja. Mkimbize hospitali, na ubebe tawi la mti ule.

Kwa upande wa biashara, pwani tuna la kuwaonyesha wenzetu. Mbuyu ni mti wa pori tu, lakini tuliupaka ubuyu wake sukari, rangi na iliki, na leo mabuyu yanauzwa mpaka madukani Nairobi. Huko Bara Hindi nako, karonda, ambayo ni ndugu wa damu wa mtandamboo, huliwa kwa achari na chatine. Sioni kwa nini olamuriaki isifike huko. Jamu yake si kazi: chemsha matunda yaliyoiva kwa maji kidogo mpaka yapasuke, chuja mbegu, rudisha rojo jikoni na sukari na ndimu, ukoroge hadi izito.

Kinachonitia wasiwasi ni tingatinga. Ardhi ya Kitengela imekatwakatwa viwanja, na mwenye kiwanja jambo la kwanza ni kufyeka kila kitu, kisha ananunua seng'enge. Amefyeka ua akanunua ua. Mtandamboo ukipandwa kwa kukaribiana hufunga boma kiasi cha mbuzi kutopenya, nyuki hupata maua, na nyumba hupata matunda. Chukua mbegu za tunda lililoiva, zioshe nyama yote, zianike kivulini na uziotesha zikiwa bado mpya. Miche ikishatoka izungushie matawi ya miiba mwanzoni, kwa sababu mbuzi wanayapenda majani yake machanga kuliko unavyodhani.