Lexington: tiba iliyoishia getini

Mei 1935, Serikali ya Marekani ilifungua huko Lexington, jimbo la Kentucky, taasisi iliyokuwa nusu gereza na nusu hospitali. Chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1929, iliyopitishwa baada ya magereza ya shirikisho kujaa watu walionaswa na Sheria ya Harrison ya 1914 kwa makosa ya morfini na heroini. Wafungwa waliishi humo pamoja na waraibu waliojipeleka wenyewe. Walikamua ng'ombe, wakalima, wakashona nguo. Watu wakapaita Shamba la Mihadarati. Daktari mkuu wa kwanza, Lawrence Kolb, alishikilia jambo ambalo polisi wa zama zake hawakutaka kulisikia: kwamba mraibu ni mgonjwa, na mgonjwa hutibiwa.

Leo Lexington hutajwa zaidi kama mfano wa kushindwa, na takwimu zinaonekana kuunga mkono. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1962, uliofuatilia wakazi wa New York wapatao 1,900 waliotoka huko, ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 90 ya waliofuatiliwa walirudia dawa, wengi wao ndani ya miezi sita. Kwa hesabu hiyo ni rahisi kusema kumtibu mraibu kifungoni ni kutwanga maji kwenye kinu. Lakini tutazame walianguka wapi. Ndani ya uzio arosto, yaani mateso ya kuikosa dawa, ilitulizwa, wakala, wakalala, wakafanya kazi kwa miezi. Waliporudi mtaani walikotoka, aghalabu hapakuwa na daktari wa kuwapokea. Kilichopimwa na uchunguzi ule, kwa maoni yangu, ni matokeo ya tiba iliyokatizwa.

Ushahidi wa hilo ulipatikana Lexington kwenyewe. Katika miaka ya 1940, mtafiti Abraham Wikler aligundua kuwa mtu aliyekaa miezi bila dawa angeweza kupatwa tena na dalili za arosto akirudi tu penye watu na vijiwe vya zamani. Miaka hiyo hiyo, madaktari wa hapo walithibitisha kuwa methadoni hupunguza makali ya arosto, ila waliitoa kwa siku chache kisha wakaiondoa. Dawa walikuwa nayo mkononi. Muda ndio waliokosea. Dkt. Marie Nyswander, aliyewahi kufanya kazi Lexington, alishirikiana na daktari Vincent Dole jijini New York katika miaka ya 1960 kuitoa methadoni mfululizo. Mwaka 1969 Dole na wenzake walichapisha jaribio dogo lenye uzito: wafungwa 12 walianzishiwa methadoni kabla ya kutoka jela, wakaendelea nayo nje, na hakuna aliyerudia utumwa wa heroini. Wenzao ambao hawakupewa walirudi wote.

Kukatiza tiba kunaua pia. Mwili uliokaa bila heroini husahau kuistahimili, hivyo kipimo cha zamani huwa sumu. Utafiti wa mwaka 2007 katika jimbo la Washington ulikuta kuwa, katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Jimbo la Rhode Island lilipoanza mwaka 2016 kutoa dawa za tiba gerezani na kumuunganisha kila anayetoka na kliniki, vifo vya namna hiyo miongoni mwa waliotoka karibuni vilipungua kwa takriban asilimia 60 ndani ya mwaka mmoja.

Wapo wanaosema methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Utegemezi upo, kweli. Lakini anayekunywa dozi yake mbele ya muuguzi kila siku hasakwi na arosto wala haibi ili aitulize. Wengine huuliza kwa nini mhalifu apewe asichopata maskini mwaminifu. Jibu ni kwamba mfungwa huyo atatoka, na jirani zake ndio watakaolipa gharama ya kutotibiwa kwake. Pingamizi zito zaidi linatokana na aibu ya Lexington: wafungwa walitumiwa katika majaribio ya LSD yaliyogharamiwa na CIA, na baadhi walilipwa kwa dawa za kulevya. Hilo linadai tiba ya gerezani isimamiwe na mamlaka ya afya, na mfungwa awe na haki ya kukataa.

Mwaka 1974 majengo ya Lexington yalikabidhiwa idara ya magereza. Hapa kwetu Tanzania, Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni tangu 2011, kwa hiyo dirisha la kumpokea mraibu lipo. Kipimo cha haki cha tiba yoyote ya gerezani kianzie hapo: siku mfungwa anapofunguliwa geti, je, anajua kikombe cha kesho asubuhi atakinywa wapi?