Achitopu: gitaa la umeme lenye tumbo tupu

Achitopu ni gitaa ambalo uso wake umebinuka kama wa fidla badala ya kuwa bapa, na ambalo ndani yake ni tupu. Likitiwa pikapu linakuwa gitaa la umeme, lakini bado ni chombo cha mbao kinacholia chenyewe hata kabla waya haujachomekwa. Makala hii inahusu yale ya zamani, yaliyotengenezwa kati ya miaka ya 1930 na 1960. Inaeleza pia muziki wa dansi wa Afrika ya Mashariki ulioanza kutumia umeme katika miaka hiyo, na mbao za Mlima Meru, ambako mafundi wa Themi na kwingineko Arusha hupata malighafi.

Muundo

Uso wa achitopu bora huchongwa. Fundi huchukua vipande viwili vya sprusi vilivyopasuliwa kutoka gogo moja, huvigundisha katikati, kisha huchonga kwa patasi na randa ndogo mpaka upinde utokee, nje na ndani. Katikati huachwa pakiwa panene, pembezoni hupunguzwa. Hugongagonga ubao kwa kidole na kusikiliza, huparua kidogo, hugonga tena. Mgongo na ubavu huwa wa mepoli, mti mgumu wa nchi za baridi. Chini ya uso hugundishwa fito mbili: zikikaa sambamba, sauti hutoka kali na yenye kupenya; zikikatizana kama herufi x, sauti hulainika. Badala ya tundu moja la duara, uso huwa na matundu mawili yenye umbo la herufi f, moja kila upande.

Tofauti kubwa iko kwenye daraja. Katika gitaa la kawaida la uso bapa, nyuzi hufungwa kwenye daraja lililogundishwa, nazo huuvuta ubao. Katika achitopu nyuzi hupita juu ya daraja na kwenda kushikwa na kipande cha chuma kilichofungwa mkiani. Daraja halina gundi wala msumari. Limeshikiliwa na mgandamizo wa nyuzi peke yake. Ndiyo maana mpigaji mzoefu hubadilisha waya mmoja mmoja, kwani akizitoa zote daraja linadondoka na mizani ya sauti inapotea. Kulirudisha kuna utaratibu wake. Waya huguswa tu juu ya freti ya 12 bila kukandamizwa na sauti yake kusikilizwa, kisha hubonyezwa kwenye freti hiyohiyo. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, daraja husogezwa nyuma kuelekea mkiani. Ikiwa chini, husogezwa mbele kuelekea shingoni. Wakati mwingine upana wa ukucha unatosha kabisa.

Kwa kuwa nyuzi zinausukuma uso chini badala ya kuuvuta, sauti huruka upesi na kufa upesi. Kila noti inatoka na mwanzo wake na mwisho wake. Sifa hii ndiyo moyo wa achitopu, na inaeleza karibu kila kitu kilichofuata.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Waya wa gitaa, ambao lazima uwe wa chuma, ukitikisika juu yake huuchezesha uga wa sumaku na kuzalisha umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Hapo ndipo tatizo linapoanza. Sauti inayotoka kwenye spika hulitikisa tumbo tupu la gitaa, tumbo huzitikisa nyuzi, nyuzi huirudisha sauti kwenye amplifaya, na mzunguko huo huishia katika mngurumo unaofunika bendi nzima. Kwa zaidi ya miaka 20 watengenezaji walitafuta namna ya kulinyamazisha tumbo hilo bila kuliua.

Kutoka Kalamazoo hadi Bubenreuth

Mwaka 1898 Orville Gibson wa Kalamazoo, Michigan, alipata hataza ya Marekani kwa mandolini yenye uso wa kuchongwa. Kampuni iliyobeba jina lake ilitoa modeli ya L-5 mwaka 1922, chini ya usimamizi wa Lloyd Loar, ikiwa na matundu ya f. Gitaa hilo liliundwa kwa ajili ya kupiga ridhimu, lisikike katikati ya tarumbeta na saksafoni bila umeme wowote. Ushindani wa ukubwa ukafuata, na mwaka 1934 Gibson ilitoa Super 400 yenye upana wa inchi 18. Jijini New York, John D'Angelico alichonga magitaa yake katika karakana ndogo hadi alipofariki mwaka 1964, na leo wakusanyaji huyathamini sana.

Umeme uliingia mwaka 1936 na ES-150 ya Gibson. Mpiga gitaa Charlie Christian, aliyejiunga na bendi ya Benny Goodman mwaka 1939, alilitumia kupiga mistari ya solo kana kwamba anapuliza saksafoni, na ingawa alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25, baada yake gitaa halikurudi tena nyuma ya jukwaa.

Mwaka 1949 Gibson ilileta ES-175, ambayo uso wake haukuchongwa bali ulibanwa kwa mashine kutokana na plaiwudi ya mepoli. Anayetaka kujua kama gitaa limechongwa au la, atazame ukingo wa tundu la f kwa tochi: katika ubao wa kuchongwa mistari ya mti hupita moja kwa moja kutoka juu hadi chini, na katika plaiwudi tabaka huonekana zimelaliana. Wapo wanaoidharau plaiwudi, na wanakosea. Inatikisika kidogo kuliko ubao mmoja, kwa hiyo haingurumi haraka, na sauti yake kavu, ya duara, isiyo na kelele za juu, ndiyo ambayo wapigaji Joe Pass na Jim Hall waliifanya kuwa sauti ya gitaa la jazi kwa wasikilizaji wengi duniani.

Mabadiliko mawili zaidi yalikamilisha kazi. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, alibuni pikapu yenye koili mbili zilizopingana ili mvumo wa umeme ujifute wenyewe. Ilianza kufungwa kwenye magitaa ya Gibson mwaka 1957. Mwaka uliofuata ikaja ES-335, nyembamba na yenye gogo la mbao katikati ya tumbo, ambayo ni nusu tupu tu. Mngurumo ulipungua sana, na sauti ilidumu zaidi baada ya waya kuguswa. Lakini noti fupi yenye mwanzo na mwisho, ile iliyowafanya watu walipende gitaa hili tangu awali, ilibaki nyuma katika yale ya kale.

Ulaya ilikuwa na njia yake. Höfner, iliyoanzishwa mwaka 1887 Schönbach (leo Luby, Ucheki), ilihamia Bubenreuth nchini Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na mafundi wengi wa ala waliofukuzwa makwao. Framus ilianzishwa mwaka 1946. Kwa kuwa Uingereza ilizuia uagizaji wa ala kutoka Marekani kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1950, vijana wa huko walijifunzia magitaa hayo ya Kijerumani.

Dansi na Arusha

Afrika ya Kati na Mashariki ilikuwa na wapiga gitaa hodari kabla ya umeme. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga gitaa kavu kwa vidole, besi na wimbo kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa muongo huo Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitaa wa jazi, aliingiza gitaa la umeme katika studio ya CEFA mjini Léopoldville (sasa Kinshasa). Kutoka huko lilienea kwa bendi za African Jazz ya Kabasele na OK Jazz iliyoanzishwa mwaka 1956, na rekodi zao zikafika Dar es Salaam, Tanga na Nairobi.

Tanganyika ilikuwa tayari na bendi: Dar es Salaam Jazz tangu 1932, Morogoro Jazz tangu 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah tangu 1948. Kufikia miaka ya 1960 kiini cha bendi kilikuwa gitaa la solo, la ridhimu na la besi. Wanamuziki wengi hawakumiliki vyombo. Vilikuwa mali ya mwenye bendi, chama au taasisi, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji alikuwa na mkono wake, gitaa lilikuwa la ofisi. Kwa hiyo mtindo ulijengwa katika vidole kuliko katika aina ya chombo, na jambo hili wanaoandika historia ya gitaa kwa majina ya modeli hulisahau.

Arusha ina nafasi yake katika habari hii. Wilson na George Kinyonga, waliokuwa Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia Arusha mwaka 1970 na pamoja na ndugu yao William wakaunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 walikwenda Mombasa, na bendi ikawa Simba Wanyika. Sikiliza jinsi gitaa la solo na la ridhimu yanavyopishana katika muziki wao: noti za moja hukaa kwenye nafasi zilizoachwa na jingine. Muziki wa namna hiyo hauvumilii sauti inayoning'inia. Unataka ileile noti fupi ambayo achitopu huitoa bila kuombwa, na mpigaji wa gitaa la ubao mzima huipata kwa kuzima nyuzi kwa kiganja karibu na daraja.

Mbao za Meru

Sprusi na mepoli si miti ya hapa. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, kuanzia misitu ya Olmotonyi kunakofundishwa elimu ya misitu hadi karakana za mbao za mjini, fundi atakutana na saipresi na paini za kupandwa, mgrevilea wa mashamba ya kahawa, na podo. Kwa maoni ya mwandishi, saipresi ndiyo ya kujaribiwa kwanza kwa uso: ni nyepesi, ina mistari iliyonyooka, na watengenezaji wa magitaa ya flamenko wa Hispania wameitumia jamaa yake kwa muda mrefu, ingawa kwa mgongo na ubavu.

Mti wa Tanzania wenye hadhi duniani ni mpingo, mzito kiasi cha kuzama majini, unaopendwa kwa klarineti na zumari, na unaofaa sana kwa ubao wa vidole na kwa daraja. Mradi wa kuuhifadhi ulianzishwa mwaka 1996 na Sebastian Chuwa wa Moshi pamoja na Mmarekani James Harris. Tangu Januari 2017 jenasi yake yote imo katika orodha ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini. Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa, isipokuwa zenye rozwudi ya Brazili, ya jenasi hiyohiyo, iliyolindwa kikamilifu tangu 1992. Achitopu nyingi za miaka ya 1950 zina ubao wa vidole wa rozwudi hiyo, na asiye na hati anaweza kunyang'anywa gitaa lake mpakani.

Hewa ya Arusha nayo ina masharti. Mji uko karibu meta 1,400 juu ya bahari. Masika huzivimbisha mbao, miezi ya kiangazi huzikausha. Uso wa kuchongwa hupasuka kwa kufuata mstari wa mti, na gundi ya ngozi iliyotumika zamani huachia kwenye ukingo. Gitaa la aina hii huwekwa ndani ya kasha, mbali na dirisha na jiko, na nyufa huchunguzwa kwanza kwenye ncha za matundu ya f, mahali ambapo ubao ni dhaifu kuliko pengine pote.